Snea Kuukuu ya Metali: Kagua Mwili Kabla ya Beji

Wapiga dramu wengi wanaotafuta snea kuukuu huanza na beji. Wakiona Ludwig, Slingerland au Rogers, na pembeni namba ya usajili, tayari wanahesabu fedha. Beji ni kipande cha bati kilichobanwa kwa kipete kwenye tundu la hewa. Inang'oka, inahamishika, na hata ikiwa pale pale ilipobanwa kiwandani haisemi mwili umetengenezwa kwa metali gani. Viwanda vya Marekani vilivyotengeneza snea hizi vilibadilisha metali, namna ya kuunganisha na vifaa vya kukazia mara nyingi, tena bila kubadilisha jina la bidhaa wala sura yake ya nje. Ndiyo maana snea mbili zinazofanana kwa mbali, zenye jina moja na beji moja, zinaweza kupishana bei mara kadhaa. Anayejua kusoma mwili atanunua vizuri, hata kama hajui historia yote. Anayejua beji peke yake yuko mikononi mwa muuzaji.

Ninaposema mwili ninamaanisha lile duara la metali lenyewe, ukishatoa ngozi, pete, bolti na nyaya. Mengine yote yanabadilishika. Mwili ndio snea.

Tuanzie Chicago. Ndugu wawili, William na Theobald Ludwig, walifungua biashara yao mwaka 1909 wakiuza pedali ya besi, na baada ya miaka michache wakaingia kwenye snea za shaba njano. Katika miaka ya 1920 mwili wa snea yao ya hali ya juu ulikuwa wa vipande viwili, cha juu na cha chini, vikikutana katikati pale palipo na mshipi, yaani ule mwinuko unaozunguka mwili mzima. Wengi hudhani mshipi ni pambo. Kazi yake ni kuupa ukakamavu mwili mwembamba usibonyee, na kwenye snea hizi za vipande viwili umeficha pia kiungo. Kwa hiyo ukiletewa snea ya enzi hiyo, ingiza tochi ndani na ufuate mstari wa katikati kwa ukucha, polepole, mzunguko mzima. Pale ambapo kiungo kimeachia utahisi ukucha ukikwama. Kisha ushike mwili mtupu kwa vidole viwili, uugonge kwa kifundo cha kidole kingine: kiungo kilichoachia huleta mtetemo mkavu wa kukwaruza badala ya mlio unaoendelea. Kinatengenezeka, lakini kwa fundi anayejua kulehemu shaba nyembamba bila kuipinda, na mafundi wa namna hiyo si wengi.

Kutoka miaka hiyo ndiko zilikotoka snea nyeusi zenye nakshi ambazo wakusanyaji wanazililia hadi leo. Za Ludwig zinajulikana kama Black Beauty, na Leedy wa Indianapolis walikuwa na ya kwao waliyoiita Black Elite. Mwili ni shaba njano iliyochovywa nikeli nyeusi, kisha mchongaji akaikwangua ile nyeusi kwa mkono, shaba ikachungulia kwa umbo la maua na majani. Ushauri wangu hapa ni mfupi: usiisugue. Utando mweusi ni mwembamba sana, na dawa ya kung'arishia shaba itauondoa kwa mchana mmoja. Nimeona picha za snea zilizong'arishwa hadi zikawa za dhahabu kabisa, mwenyewe akijisifu kwa kazi nzuri. Amefuta sehemu kubwa ya thamani yake kwa kitambaa.

Snea za kawaida zaidi za wakati huo zilichovywa nikeli. Kromu ilienea baadaye, na ukijua kuzitofautisha kwa macho umepata njia ya haraka ya kukisia umri. Nikeli ina joto la rangi, ina manjano kidogo, na ikizeeka hufifia kama ukungu. Kromu ina ubaridi, inaelekea bluu, na haififii. Hubanduka au huota vitone. Snea inayodaiwa kuwa ya 1925 lakini inang'aa kwa ubluu wa kioo, ama imechovywa upya ama si ya 1925.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 mambo yaligeuka. Filamu zenye sauti ziliwafukuza wapiga dramu kwenye majumba ya sinema, uchumi ukaanguka, na kampuni ya C.G. Conn ikanunua Leedy na Ludwig zote mbili na kuzipeleka Elkhart, Indiana. William Ludwig akatoka, na mwaka 1937 akafungua kiwanda kingine Chicago. Jina la ukoo wake lilikuwa tayari ni mali ya watu wengine, ikabidi atumie herufi, WFL. Alilirudisha jina hilo mwaka 1955. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba snea iliyoandikwa Ludwig & Ludwig ya miaka ya 1940 haikutoka kwa familia ya Ludwig, na ile ya WFL ndiyo yao. Hivyo ndivyo beji inavyoweza kukupotosha.

Halafu vita. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliweka ukomo wa metali kwenye ala za muziki, asilimia 10 tu ya uzito. Slingerland wakatoa dramu zao za Rolling Bomber zenye lagi za mti, na WFL nao wakafanya yao. Lagi, kwa asiyezijua, ni vile vikalio vilivyofungwa ubavuni mwa mwili ambamo bolti za kukazia ngozi huingia. Kama ukomo huo ulifanya hata vikalio visiwe vya metali, basi mtu akikuuzia snea ya mwili wa shaba aliyoiandika "1943", muulize maswali mengi.

Miaka ya 1960 ndiyo itakayowahusu wasomaji wengi. Snea za kabla ya vita ni za wakusanyaji wenye fedha. Za miaka ya 1960 na 1970 bado zimejaa sokoni, zinapigwa kila wiki, na ndizo ambazo ndugu yako aliyeko London au Toronto anaweza kuzikuta kwenye duka la vitu vilivyotumika.

Kwanza ngozi. Mwaka 1957 Remo Belli alianza kuuza ngozi za plastiki, na katika miaka michache ngozi ya ndama ikawa kitu cha zamani. Plastiki haijali unyevu na inakubali kukazwa zaidi, kwa hiyo mzigo ulioangukia lagi, pete na kingo za mwili uliongezeka. Ukikuta snea ya kabla ya hapo, usiikaze kwa kiwango cha snea ya leo. Haikuundwa kubeba mzigo huo.

Pili, namna ya kuunda mwili. Ludwig waliachana na vipande viwili. Bati la duara lilisukumwa kwa mashine hadi likapata umbo la sufuria, likawekwa kwenye kerezo na kunyooshwa juu ya kalibu huku likizunguka, kitako kikakatwa, mshipi ukabonyezwa, na kingo zote mbili zikakunjwa kuelekea ndani kwa pembe ya nyuzi karibu 45. Mwili ukatoka mzima, bila kiungo popote. Washindani wengi walichagua njia rahisi: bati lililokatwa kwa urefu, likakunjwa duara, ncha zikaunganishwa kwa mstari wa wima. Mwili wenye mstari si mbovu. Chunguza tu kwamba mstari umenyooka, haujaachia, na ngozi haiyumbi pale unapokutana na ukingo. Upo upande wa ndani, na mara nyingi umefichwa nyuma ya lagi au chini ya kifaa cha kukamatia nyaya.

Snea iliyotokana na kazi hiyo ya kerezo ni Supraphonic, namba 400 kwa ile ya inchi 5 kwa 14 na namba 402 kwa ile yenye kina cha inchi 6.5. Husemwa mara kwa mara kwamba hakuna snea iliyorekodiwa zaidi kuliko 400, na ingawa sijui nani angeweza kuhesabu, ukisikiliza muziki wa Marekani na Uingereza wa miaka hiyo huwezi kubisha sana. John Bonham wa Led Zeppelin ndiye aliyeipa 402 umaarufu.

Zile za mwanzo kabisa wa miaka ya 1960 zilikuwa shaba njano chini ya kromu. Karibu mwaka 1963 Ludwig walihamia alumini, ambayo ni nyepesi, laini kwenye kerezo na nafuu, wakaipa jina la kibiashara la Ludalloy, na kromu ikabaki juu kama kawaida. Wapo wanaosema sababu ilikuwa Beatles, kwamba baada ya Ringo Starr kuonekana kwenye televisheni ya Marekani Februari 1964 na jina la Ludwig mbele ya besi yake, kiwanda kilielemewa na oda. Oda zilifurika kweli, na kiwanda kilifanya kazi usiku na mchana. Lakini alumini ilikwisha kuingia kabla ya hapo.

Sasa angalia mtego. Namba za usajili zilianza kubanwa kwenye beji za Ludwig mwishoni mwa 1963. Kwa hiyo wauzaji husema: haina namba, basi ni ya mapema, basi ni shaba, lete fedha. Hatua ya kwanza ni sahihi kwa kiasi. Ya mwisho si sahihi, maana zipo za alumini zisizo na namba. Na hata zile zenye namba, beji zilikuwa zikichotwa kutoka kwenye chombo bila kufuata mpangilio, kwa hivyo namba ndogo haimaanishi lazima snea ya mapema kuliko yenye namba kubwa. Namba ni dokezo. Metali ndiyo inayoamua.

Kuitambua metali si kazi ngumu. Chukua sumaku ndogo, iweke kwenye mwili wenyewe, si kwenye pete, maana pete nyingi ni za chuma na zitakudanganya. Ikinata kwa nguvu, mwili ni chuma. Isiponata, ni shaba au alumini. Nikeli iliyo chini ya kromu inaweza kuivuta kidogo sumaku yenye nguvu, lakini huo ni mguso tu, haushiki. Kisha fungua lagi moja. Huko nyuma, pembezoni mwa tundu la bolti, mchovyo ni hafifu, na metali hujionyesha: manjano kama pete ya bomba la zamani ni shaba, nyeupe ya kijivu, pengine na unga mweupe, ni alumini, unga wa kahawia ni kutu ya chuma. Shaba iliyoumwa huota kijani. Mwisho, ibebe. Shaba ni nzito takriban mara tatu kuliko alumini kwa ujazo ule ule, na mkono uliokwisha kubeba zote mbili hauhitaji mizani.

Kama unanunua kwa picha, na siku hizi ndivyo wengi wetu tunavyonunua, omba picha ya ndani ya mwili kukiwa na mwanga wa tochi, picha ya nyuma ya lagi moja iliyofunguliwa, na picha ya ukingo wa chini pande zote mbili zinakopita nyaya. Muuzaji anayekataa kufungua skrubu mbili kwa ajili ya bei anayoitaka amekwisha kukujibu.

Kuhusu sauti nitasema ninavyosikia mimi. Shaba ina mlio mpana, unaochelewa kuzimika, na unavumilia kupigwa kwa nguvu. Alumini ni kavu na nyepesi, inasikika vizuri hata ukipiga taratibu, nayo ndiyo ninayoipenda kwa kanisa au ukumbi wenye mwangwi. Chuma hupaza sauti ya juu na kuacha mlio mrefu. Kwa hiyo, mtu akikuambia kwamba Ludwig "walishusha ubora" walipotoka shaba kwenda alumini, mwulize kwa nini studio zilizidi kuichagua hiyo ya alumini.

Kasoro ya kweli ya alumini haipo kwenye sauti. Kromu haipendi kukaa juu yake. Utando ukipata upenyo, alumini chini yake huanza kuliwa, vitone vinatokea, halafu kromu inavimba na kubanduka vipande vipande. Chumvi inaharakisha jambo hilo. Anayeishi Tanga, Mombasa, Unguja au Muscat ajue kwamba hewa ya bahari ni adui mkubwa wa Supraphonic kuliko jasho la mpigaji. Futa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, usiifungie kwenye begi ikiwa na unyevu, na usitumie dawa ya kusugulia kwenye vitone, kwa kuwa utaongeza upenyo. Vitone vyenyewe haviathiri mlio. Vipunguze bei, kisha upige.

Ndiyo maana nikiulizwa na mtu mwenye fedha kidogo anunue nini, jibu langu ni Acrolite. Ludwig waliitengeneza kwa ajili ya wanafunzi: mwili ule ule wa alumini uliokerezwa, lagi 8 badala ya 10, na hakuna kromu juu ya mwili. Kwa kuwa hakuna kromu, hakuna cha kubanduka. Kwa miaka mingi watu waliidharau kwa sababu ya jina la uanafunzi, na ingawa bei imepanda, bado iko chini ya dada yake.

Rogers, kwa upande wao, waliweka akili yao kwenye nyaya. Dyna-Sonic, iliyotoka Ohio mwanzoni mwa miaka ya 1960, ina fremu ya metali inayobeba mvutano wa nyaya peke yake, ili nyaya zilale juu ya ngozi ya chini bila kuibana. Mwili ni shaba iliyochovywa kromu, na mingi ya hiyo ina mistari kadhaa iliyobonyezwa katikati. Ni snea tamu, lakini ikague kwa makini mara mbili. Kwanza fremu: ikipotea, nyaya za kawaida hazitatulia, kwa sababu mwili haukukatiwa bonde la maana la kuzipokea. Pili lagi: zile za mwanzo, za umbo la mstatili, zilikuwa na sifa ya kupasuka, na karibu 1964 Rogers walizibadilisha kwa zenye mkia mpana. Pitisha tochi kwenye kila moja, upande wa bolti, ukitafuta ufa mwembamba kama unywele.

Slingerland na Gretsch nao walikuwa na snea nzuri za shaba na kromu katika miaka hiyo, na mara nyingi huuzwa nafuu kuliko Ludwig ya hali ile ile. Premier wa Uingereza walitumia pete za kusubu, nzito na ngumu, na tatizo lao kwako ni la vipuri: nyuzi za bolti zao za zamani si zile za Kimarekani.

Hilo la nyuzi linastahili nafasi yake, kwa maana hapo ndipo snea nyingi zilizovuka bahari zikiwa nzima zinapofia mikononi mwa mafundi wetu. Bolti ya Kimarekani ina unene wa karibu milimita 5.5 na nyuzi 24 kwa inchi. Duka la vifaa Kariakoo au Kamukunji litakuuzia milimita 5 au 6. Ya 5 italegea na kuchomoka, ya 6 itaingia kwa kulazimishwa na kula shaba laini ya kikonyo kilicho ndani ya lagi, na fundi atakushauri atoboe upya. Usikubali. Snea nyingi za kisasa, hata za bei ya chini, zina bolti zenye nyuzi hizo hizo. Nunua bolti za snea, zizungushe kwa vidole, na zikienda mzunguko wa tatu bila kukaza, umepata. Vilevile usikubali mtu achomelee ufa wa mwili wa alumini wala atoboe tundu jipya ili kufunga kifaa cha kukamatia nyaya cha aina nyingine. Tundu la ziada hushusha thamani kuliko mikwaruzo yote ya nje. Ukinunua snea ambayo tayari inayo, bei iendane, na furahi kwamba sasa una chombo cha kupigia, cha kuweka kabatini kitafute kwingine.

Ludwig waliirudisha Black Beauty mwaka 1977, safari hii mwili ukiwa mzima kutoka kwenye kerezo. Kwa hiyo Black Beauty yenye kiungo katikati na Black Beauty isiyo nacho ni vitu viwili, na zimepishana nusu karne. Miaka ya 1980 kiwanda kilihamia Monroe, North Carolina, na beji zikaanza kuandikwa jina la mji huo. Snea za Monroe hazina mashabiki wengi kama za Chicago, jambo linalomfaa mpigaji, kwa kuwa miili yao ya alumini na shaba iliendelea kukerezwa kwa njia ile ile.

Ukishamaliza kukagua metali, kiungo na matundu, weka mwili mtupu juu ya kioo au meza ya marumaru, washa tochi ndani, uzime taa za chumba. Mwanga ukichungulia kwa upana sawa kwenye mabonde mawili yanayotazamana ya upande wa chini, hiyo ni sahihi, ndimo nyaya zinamolala. Ukichungulia kwingine, ukingo umegongwa. Pima pia upana kwa futi kamba katika pande nne. Tofauti ya milimita moja au mbili ngozi itaivumilia, zaidi ya hapo utakuwa unahangaika kuipata noti kila siku. Halafu ndipo uulize kuhusu beji.